Siku niliyompa Mungu hela ya jirani

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Segerea, na wengi wanaonifahamu wananifahamu kwa sare: za harusi, za kwaya, za vikoba, na Januari sare za shule. Haya ninayoyaandika yalinikuta mwaka 2018. Nimeyasimulia mara chache tu, tena nusu nusu. Leo nayaandika yote, kwa sababu naona wanawake wenzangu wengi kanisani wanatembea kwenye njia ileile niliyopita mimi, wakidhani wanamtumikia Bwana.

Siku hiyo usharikani tulikuwa tunachangia paa. Kuta zilikuwa zimesimama muda mrefu bila mabati, tunasali chini ya turubai, na vuli ilikuwa inakaribia. Anayejua harambee za kwetu anajua zinavyokwenda. Mzee wa kanisa anashika kipaza sauti na kuanzia juu: wa milioni wako wapi? Anayesimama anatembea hadi mbele, kwaya inampigia pambio, karani anaandika jina lake, akina mama wanapiga vigelegele. Halafu anashuka: laki tano. Laki mbili. Laki. Hamsini. Mwisho kabisa anasema "na wengine wote tupite na tulichonacho", na hapo ndipo wengi wetu tunaposimama kwa pamoja, bila jina.

Kwenye bahasha yangu mlikuwa na elfu ishirini. Nilisimama kwenye laki tano.

Nieleze kwa nini, maana bila hilo hamtanielewa. Mume wangu aliondoka mwaka 2015. Hakufa, aliondoka tu, akaniacha na watoto wawili na pango la miezi mitatu linalodaiwa. Tangu hapo watu pale kanisani walianza kunisalimia kwa ile sauti ya kushusha, "pole mama, unaendeleaje", hata pasipo na msiba. Kwenye kamati za harusi nikawa napewa kazi ya jikoni bila kuulizwa. Siku moja nilimsikia mwanamke niliyeimba naye kwaya miaka sita akisema tusiwapangie mafundi mchango mkubwa, hawana hela. Alikuwa hajui kama niko nyuma yake. Nilikaa na neno hilo kifuani miezi. Basi mzee alipoita laki tano, na huyo mwenzangu amekaa mistari miwili mbele yangu, miguu yangu iliinuka kabla kichwa hakijahesabu.

Nakumbuka viatu vyangu vilivyokuwa vinalia kwenye sakafu ya sementi. Nakumbuka sura zikigeuka. Mchungaji alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kwa muda ule mfupi sikuwa mwanamke aliyeachwa. Nilikuwa mtu. Nilirudi kukaa machozi yananitoka, na jirani yangu akadhani ni Roho.

Mwezi mzuri, nikishalipa pango la kibanda, umeme na nyuzi, nilikuwa nabaki na laki mbili na nusu, na humo humo kuna chakula na ada. Laki tano ningeipata wapi? Ahadi zilikuwa zilipwe hadi mwisho wa Oktoba, kisha karani angesoma majina ya waliotimiza. Siwalaumu kwa kusoma. Fedha za watu zikisomwa hadharani, hakuna wa kuzichezea. Lakini mimi tangu siku ile nililala na kuamka na karatasi ile ya karani.

Sasa kulikuwa na mama mmoja jirani yangu, Mwislamu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa anaozesha binti yake wa kwanza. Walikusanyika wanawake kumi na sita, kila mmoja akatoa elfu ishirini na tano za kitenge, ushona wangelipa siku ya kuchukua nguo. Laki nne kamili. Walikuwa wamechagua wenyewe Kariakoo, bluu iliyokolea na maua ya rangi ya dhahabu, wakaniletea kipande cha sampuli cha upana wa kiganja. Nikakibana kwa pini kwenye ukurasa wao katika daftari la vipimo. Hela nikaiweka ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, nikamwaga vifungo juu.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba nilifungua lile kopo. Niliinamisha, vifungo vikamwagika mezani, nikatoa laki nne, nikaongeza laki yangu niliyokuwa nimeisotea. Nilijiambia naazima. Nilijiambia Mungu ataleta, kwa sababu nampa Yeye. Hata niliomba juu ya zile noti kabla ya kuzitia kwenye bahasha, na sala hiyo ndiyo inayoniuma kuliko vyote, kwa sababu niliiomba kwa moyo kabisa.

Jumapili jina langu lilisomwa. Vigelegele vikapigwa. Utamu wake haukufika Jumatatu jioni.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwenye duka ninaponunua siku zote, kuomba nikopeshwe kile kitenge. Kilikuwa kimekwisha. Nilizunguka mitaa yote ile mpaka Uhuru na sampuli yangu mkononi, kila muuzaji anatikisa kichwa. Anayeshona Dar anajua: ua likiisha Kariakoo, limeisha. Mzigo unaofuata unakuja na maua mengine. Harusi ilikuwa imebaki siku kumi na moja.

Mama yule alikuja mwenyewe jioni, akapiga hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Alitaka kuona kitambaa. Nilianza kuzungusha maneno, naye akaniangalia tu. Mwisho nikasema ukweli, kwamba hela niliitoa kanisani, kwenye ujenzi, na kwamba nitairudisha. Alikuwa ameshika kile kipande cha sampuli, anakikunja na kukikunjua. Hakupaza sauti. Alisema, "Kwa hiyo fundi, Mungu umempa hela yangu?"

Sikuwa na jibu. Kwa kweli mpaka leo sina. Alikaa kidogo, akaweka kile kipande mezani, akaondoka.

Kesho yake nilikwenda kuchukua mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali. Sheria ya huduma ndogo za fedha ilitungwa mwaka huohuo wa 2018, inayotaka wakopeshaji wawe na leseni, lakini mtu aliyebanwa haulizi leseni. Niliandikiwa laki tatu, nikapewa mkononi 270,000 baada ya makato ya fomu, marejesho elfu kumi na mbili kila siku kwa siku thelathini. Dhamana ilikuwa ovaloki yangu, mashine ya kuzungushia kingo za nguo. Zile 270,000 nilimpelekea mama jirani siku ileile, ikabaki 130,000. Wao wakachagua kitenge kingine, wakampa fundi mwingine. Siku ya harusi niliwaona wakipita mbele ya kibanda wamevaa kijani, nikajifanya nasaka kitu chini ya meza.

Marejesho nililipa siku kumi na moja. Siku ya kumi na nne walikuja vijana wawili na bajaji ya mizigo, wakachukua ovaloki. Tangu hapo nguo zangu nilipeleka kwa fundi wa jirani anizungushie kingo, shilingi mia tano kila nguo.

Ndipo nikaenda kwa mchungaji. Nitasema ukweli wa moyo wangu: sikwenda kutubu. Nilikwenda nikitegemea aseme, "mama, umejitoa sana kwa ajili ya kazi ya Bwana". Nilitaka hata uharibifu ule uhesabiwe kuwa sadaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua Mathayo 5 akanipa nisome mwenyewe, pale Bwana Yesu anaposema ukiwa unaleta sadaka yako madhabahuni na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka palepale, uende kwanza ukapatane naye. Nilikuwa nimeusikia mstari huo mara nyingi na kudhani unahusu watu waliogombana. Sikuwahi kufikiri unamhusu mtu mwenye laki nne za jirani ndani ya bahasha ya ahadi.

Halafu akasema, "Mama, nikiongea na baraza la wazee, turudishe kiasi umalizie deni?"

Nikaruka. "Hapana, mchungaji. Naomba hili liishie hapa hapa. Wasijue."

Alinyamaza. Kisha akafunua Samweli wa Kwanza, sura ya 15. Sauli amekwisha kuvunja agizo, na amekiri mwenyewe kwamba aliwaogopa watu akasikiliza sauti yao. Samweli amemwambia ufalme umeondolewa kwake. Na katika mstari wa 30 Sauli anaomba nini? Anasema nimefanya dhambi, lakini niheshimu mbele ya wazee wa watu wangu. Mchungaji hakuongeza neno. Alinirudishia Biblia. Mimi nilikuwa nimesema maneno yale yale dakika mbili kabla, pungufu ya jina la Israeli.

Nilitoka pale na hasira, si na amani. Wanaosimulia toba husema walitoka wepesi. Mimi nilipanda daladala nikakaa dirishani nikiwa nimekasirika kwamba ameniona.

Iliyonilainisha ilikuwa kitu kidogo. Binti yangu alikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara mwaka ule, na usiku alikuwa anakariri Katekisimu Ndogo kwa sauti wakati mimi napiga pasi. Luther aliiandika mwaka 1529 ili hata baba na mama wa kawaida waweze kufundisha nyumbani, na mimi mwenyewe niliikariri Njombe nikiwa na miaka kumi na nne. Kwetu Walutheri "Usiibe" ni amri ya saba. Binti akasoma maelezo yake: kwamba kwa kumcha na kumpenda Mungu tusichukue fedha wala mali ya jirani, wala kuipata kwa hila, bali tumsaidie kuitunza na kuiongeza. Akarudia mara tatu kwa sababu lilikuwa linampotea pale kwenye "kuitunza". Niliiweka pasi pembeni. Mimi niliaminiwa nitunze.

Jina la jambo lile lilikuwa wizi. Wala si azima, wala imani kubwa, wala kujitoa. Na niliiba ili watu wanione.

Deni la mama jirani bado lilikuwa 130,000 na sikuwa na pa kulitoa. Mchungaji alinishauri niombe diakonia. Kwa wasiojua, diakonia ndiyo idara inayosaidia wajane, wagonjwa, wazee wasio na mtu. Barua yake inaanzia kwenye jumuiya yenu ya nyumba kwa nyumba, mwenyekiti anaisoma na kuisaini, ndipo iende kwenye kamati. Maana yake ni kwamba jumuiya nzima itajua. Yule aliyesimama kwenye laki tano anaomba hela ya wagonjwa. Ilinichukua wiki tatu kuandika mistari tisa. Nilikuwa nakaa na kalamu, halafu naikumbuka kazi fulani ya kushona, naamka.

Siku niliyoisoma kwenye jumuiya ilikuwa Jumamosi alfajiri, nyumbani kwa bibi mmoja tunayemheshimu sana. Nilisoma nikiangalia karatasi. Nilipomaliza hakuna aliyesema kitu. Bibi akaniita, "Mwanangu, njoo ukae hapa." Akanisogezea kikombe cha chai, tukaendelea na somo. Baadaye, tukiwa tunaosha vyombo, mama mwingine aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ile ahadi ya laki mbili aliitoa kwenye hela ya dawa za mumewe. Sikumwuliza zaidi.

Lakini nisipake rangi. Maneno yalitoka. Wiki haikuisha nikasikia yamefika kwenye kwaya, tena yameongezwa chumvi, kwamba nimefilisika kwa kutaka makuu. Mwanzoni kila nikiingia kanisani niliona kama migongo yote inanizungumza. Na hapo nikagundua jambo ambalo nisingelijua bila aibu ile: nilichokuwa nakiogopa miaka mitatu kimekwisha kunipata, na asubuhi yake nimeamka, nimewasha jiko, nimewapeleka watoto shule, wateja wamekuja. Heshima ile niliyoinunua kwa laki tano ilikuwa imekwisha kabisa, na mimi nilikuwa bado nipo, na Mungu bado ananisikiliza ninaposema "Baba yetu".

Kamati ya diakonia ilitoa 80,000. Hamsini iliyobaki nililipa mwenyewe, elfu tano kila Ijumaa, wiki kumi. Nilikuwa napeleka jioni baada ya swala yake ya magharibi. Hakuna karani aliyeandika, hakuna pambio. Alikuwa anapokea, anasema "ahsante fundi", anafunga mlango. Ijumaa moja ya mvua nilikwenda nimelowa mpaka ndani, nikampa ile noti imenata, na wakati narudi nilijikuta naimba. Hapo nilielewa kidogo maana ya yale maneno ya Mathayo 6, kwamba Baba anaona sirini. Nilikuwa nayajua kama onyo. Usiku ule yalikuwa faraja. Kuna mtu ananiona nikiwa nimelowa.

Nimefikiri sana tangu wakati ule kuhusu neno hili, kibali. Tunalitumia kila siku katika maombi: Bwana nipe kibali kazini, nipe kibali mbele ya wakuu. Mara nyingi tunaomba kibali cha watu kwa kupitia kwa Mungu, kama vile Yeye ni mshenga. Paulo anapowaandikia Wakorintho habari za mchango, katika waraka wa pili sura ya 8, anasema utayari ukiwapo, sadaka inakubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho. Elfu ishirini yangu ilikuwa na kibali tayari, ndani ya bahasha, kabla sijasimama. Niliiacha pale kwenye benchi nikaenda kutafuta kingine.

Na kuna jambo lingine ambalo mchungaji alilihubiri siku ya ubatizo wa watoto, hata hakuwa ananisema mimi. Alisema Yesu alipotoka majini Yordani, sauti ilisema "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye", na hapo alikuwa hajaponya mtu hata mmoja, hajahubiri, hajalisha umati. Kibali kilitangulia kazi. Nililia tena kanisani siku hiyo, na safari hii jirani yangu angedhani ni Roho angekuwa amepatia. Miaka yote nilikuwa nafanya kazi ili nikubaliwe kwayo, na Mungu na watu vilevile, kama kibarua anayesubiri kulipwa jioni. Sikujua kwamba nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga nisiye na senti, na nikapokelewa.

Sijapona kabisa. Mwaka uliofuata waliniomba nitoe ushuhuda huu kwenye semina ya akina mama. Nilikubali, na katikati ya kuongea, nilipoona wanafuta machozi, nilisikia ule utamu uleule wa viatu kwenye sementi. Nikajisikia naurefusha ushuhuda, naongeza mvua. Nilikatisha nikakaa. Mtu anaweza kutafuta sifa hata kwa unyenyekevu wake, na naandika haya nikijua hivyo. Ndiyo maana sijataja usharika wala jina langu. Kwenye harambee huwa nakaa mpaka waseme "na wengine wote". Wakati mwingine natoa kidogo kuliko ninavyoweza kwa kuogopa tu kuonekana, na hilo nalo nimeanza kuliona kuwa ni woga uleule uliogeuza nguo ndani nje. Bado najifunza kutoa nikiwa nimeelekea upande mmoja tu.

Mama jirani, baada ya ile Ijumaa ya kumi, hakuja kibandani kwa miezi. Tulisalimiana njiani basi. Sikumfuata kumwomba aniamini tena, hilo lilikuwa lake. Kisha wiki moja kabla ya Idi niliinua uso kutoka kwenye cherehani nikamwona amesimama mlangoni na mfuko wa nailoni. Akautoa kitambaa, akakitandika mezani juu ya kazi za watu.

"Fundi," akasema, "kitambaa nimenunua mwenyewe. Ushona nitakupa nikishavaa."

Nikasema sawa mama. Nikachukua futi shingoni, nikafungua daftari ukurasa mpya, nikaanza na mabega.